Breki za kawaida na Brembo kwenye Subaru: mambo ya kujua kabla hujatoa hela

Wadogo zangu mnaoanza gereji, na nyie mliotoa WRX yenu ya kwanza (ile Subaru Impreza yenye turbo) bandarini juzi tu na tayari mnazunguka maduka ya spea ya Gerezani, Dar, kutafuta Brembo za mtumba, yaani zile breki kubwa za kampuni ya Brembo, hii ni ya kwenu. Swali mnaloniuliza wote ni lile lile, nikifunga Brembo gari itasimama haraka zaidi? Na jibu langu huwa linawakera. Ukikanyaga mara moja tu, kwa nguvu zote, ukiwa sipidi 100, tofauti ni ndogo sana na mara nyingine hamna kabisa. Anayesimamisha gari ni tairi. Breki kazi yake ni kulibana gurudumu basi, ila anayeshikana na lami ni tairi, na tairi ikishafika mwisho wake hata ufunge kalipa (kile kibano kinachobana pedi kwenye diski) ya ndege haiongezi kitu.

Jaribu mwenyewe, tafuta sehemu wazi isiyo na watu wala magari, lami kavu, sipidi 60, kanyaga mpaka chini. Ukisikia pedali inatetemeka mguuni na ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) inakoroma huko mbele, basi breki zako za kawaida zimeshaishinda tairi, nguvu ya kubana unayo tayari na inabaki. Sasa tupige hesabu kidogo. Toka 100, tairi nzima yenye msuguano wa 0.9 inataka mita 44 hivi mpaka gari isimame, alafu ile tairi iliyokakamaa, imekuja na gari toka Japani, kwa macho bado ina vijino vizuri tu, ikishuka mpaka 0.7 unataka mita 56. Hizo mita 12 za kuongezeka ni basi zima la mkoani na hatujagusa kalipa wala diski, ni raba tu. Kwahiyo mteja akija na hela ya Brembo na tairi za aina hiyo, mwambie ukweli hata kama unakosa kazi kubwa, aanze na tairi.

Sasa Brembo zina faida gani? Faida yake ni kurudia. Breki ya kawaida ikiwa nzima inakusimamisha vizuri mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, alafu inaanza kuchoka, Brembo mara ya kumi inakusimamisha karibu sawa na ya kwanza, na hilo ni suala la joto tu. Chukua gari ya kilo 1,400, ukiisimamisha toka 100 unakuwa umegeuza kama kilojuli 540 kuwa joto, na sehemu kubwa, tufanye asilimia 70, inaangukia diski mbili za mbele. Diski ya kilo 7 hivi inapanda kama nyuzi 55 kwa kukanyaga huko kumoja. Ukirudia kabla haijapoa inapanda tena juu ya ile ya mwanzo, na tena, na tena. Alafu kumbuka sipidi haiongezi joto kwa kujumlisha, toka 140 joto ni karibu mara mbili ya toka 100, watu wengi hawalijui hili wanadhani 140 ni 100 na kidogo.

WRX ya umbo la GD, zile za 2000 mpaka 2007, mbele ina diski ya milimita 294 kwa unene wa 24. STI, ile WRX yenye mbio zaidi, yenye Brembo ina 326 kwa 30 mbele na 316 kwa 20 nyuma, kalipa ya mbele ina pistoni nne, ya nyuma mbili. Chuma kingi zaidi maana yake joto lile lile linaipandisha diski nyuzi chache, na upenyo wa kati ni mpana hewa inapita vizuri. Kumbuka pia sio kila WRX ni sawa, kuna iliyokuja mbele na kalipa ya kuteleza (ina pistoni upande mmoja tu) na kuna iliyokuja na kalipa ya Subaru yenyewe ya pistoni nne mbele na mbili nyuma, kwahiyo usinunue pedi kwa kusema tu "ya WRX", fungua gurudumu uangalie kwa macho.

Hapa kuna kitu nataka mkielewe vizuri sababu ndo kazi yenyewe ya fundi. Breki zikichoka kwa joto zinachoka kwa njia mbili na pedali inakwambia ni ipi. Pedali ikibaki juu, ngumu kama kawaida, unakanyaga kwa nguvu zote na gari haitaki kusimama, hapo pedi ndo imezidiwa, imepita joto lake. Pedali ikizama chini laini, ukiipampu inapanda kidogo, hapo mafuta ya breki yamechemka yametengeneza mvuke ndani ya paipu na mvuke unabonyea. Hizi dawa zake ni tofauti kabisa na hamna hata moja ambayo lazima iwe Brembo! Ya kwanza unabadili pedi, ya pili unabadili mafuta.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu, ndo asili yake, na sisi wa Dar huku Pwani unyevu tunao wa kugawa. Madaraja yake ndo hizo DOT zilizoandikwa kwenye chupa: DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205 lakini ikishanywa maji kiwango chake ni 140 tu. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji, DOT 5.1 ni 260 na 180. Gari imekuja na mafuta yake hujui yana miaka mingapi, we unafunga kalipa za mamilioni juu ya mafuta hayo hayo, inasaidia nini? Badilisha yote, sio kuongezea kwenye kikopo, na rudia kila baada ya miaka miwili. Kuna DOT 5 pia, hiyo ni silikoni, jina linafanana na 5.1 lakini ni kitu kingine kabisa, haichanganywi na hizo zingine na kwenye gari yenye ABS usiiweke.

Pedi nazo zina siri yake pembeni. Geuza pedi usome ule upande mwembamba, mwishoni mwa namba utakuta herufi mbili, labda EE, FE, FF, GG. Herufi ya kwanza ni msuguano wake ikiwa haijapata moto, ya pili ikiwa ya moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55. Ukikuta FE ujue huyo akipata moto anarudi nyuma. Mimi gari ya barabarani yenye mbio nataka FF kwenda juu, na muuza duka akikwambia "hii ni orijino kaka" mwombe aitoe kwenye boksi usome mwenyewe. Ila msikimbilie pedi za mashindano, zile zinataka joto ndo zishike, kwenye foleni ya Mwenge hazitapata moto hata siku moja, zitapiga kelele, zitakula diski, na asubuhi breki ya kwanza utajiona huna breki.

Kuna jamaa alileta GDA (WRX ya umbo lile la GD) ameshafungiwa Brembo mbele mahali pengine, analalamika usukani unatetemeka akikanyaga kuanzia 90, na eti gari inachelewa kusimama kuliko zamani. Kila mtu aliyemwona kamwambia diski zimepinda. Nikazitoa, nyuma yake uso wa hab, kile kitovu diski inapokaa, una kutu imevimba kama ganda la mti, mtu kabandika diski mpya juu ya kutu, kwahiyo diski inazunguka ikiyumba kidogo sana, na kila mzunguko inagusa pedi sehemu ile ile mpaka inalika sehemu moja zaidi ya nyingine. Diski inayotofautiana unene kwa sehemu chache tu za mia za milimita moja inatosha kukutingisha mikono. Dawa ilikuwa brashi ya waya na msasa kwenye hab, alafu kuzichonga zile diski kwa sababu unene ulikuwa bado unaruhusu. Unene wa mwisho umeandikwa kwenye diski yenyewe, ya 24 mwisho wake ni 22, ya 30 mwisho 28, na unapima kwa maikromita sehemu kadhaa kuzunguka, sio kwa kidole.

Na kuchelewa kusimama? Kalipa zilifungwa kushoto kulia, kulia kushoto. Utazijua kwa skrubu za kutolea upepo, lazima zikae juu. Zikitazama chini upepo unabaki umejificha juu ya kalipa na utapampu mpaka kesho hautoki. Brembo ina skrubu mbili kila kalipa, ya ndani na ya nje, toa upepo kwenye zote mbili. Alafu boliti za chuma zinaingia kwenye aluminiamu, anza kwa mkono, zikigoma toa uangalie, ukilazimisha na spana ya upepo umeua nyuzi za tundu za boliti kwenye kalipa.

Kingine cha huyo jamaa ni kwamba alifunga mbele tu, nyuma akaacha za kawaida. Hilo wengi wanafanya kwa sababu ya hela na sio dhambi, ila elewa unachofanya. Diski ya 326 badala ya 294 peke yake inaongeza nguvu ya kusimamisha mbele kama asilimia 11, bado hujahesabu pistoni. Mbele inafika kwenye ABS mapema wakati nyuma bado inashangaa, na gari inaweza kuchukua mita nyingi zaidi kuliko ilivyotoka kiwandani. Waliotengeneza walipima mbele na nyuma kwa pamoja. Ukienda nyuma nako kuna mtego, hendibreki ya Subaru hizi ipo ndani ya kofia ya diski, ya WRX ina kipenyo cha 170 na ya STI ni 190, kwahiyo ukinunua kalipa na diski tu bila bamba la nyuma na viatu vyake hendibreki haikutani. Tena uliza tundu za nati, STI kuanzia 2005 ni 5 kwa 114.3 (tundu tano kwenye duara la milimita 114.3), WRX hizi ni 5 kwa 100, diski ya Brembo isiyolingana haiingii kabisa.

Wanaosema breki kubwa ndo kila kitu waangalie rali. Magari ya Rally1, daraja la juu la rali ya dunia, yanayokuja Naivasha kwenye Safari Rally yakiwa kwenye vumbi yanafungwa diski za milimita 300 ndani ya rimu za inchi 15, kwenye lami ndo wanaweka 370 na rimu za inchi 18. Watu wenye hela zote hizo wanapunguza breki kwa makusudi, kwa sababu kwenye changarawe tairi haishiki kiasi cha kuhitaji zile kubwa na wanataka tairi yenye shavu nene. Kama gari yako inaishi barabara ya vumbi ya shambani, ufikirie hilo. Na zile kalipa za mashindano zisizo na mpira wa vumbi kwenye pistoni achana nazo kabisa huku kwetu. Plastiki nyekundu za kubandika juu ya kalipa ya kawaida sizizungumzii, zinafunika joto libaki ndani, basi.

Mlima ni somo lingine. Kutoka Lushoto mpaka Mombo unashuka karibu mita 950, ukiweka joto lote hilo kwenye breki ni sawa na kusimama toka 100 mara 24 mfululizo, na hapo uzito wa gari haubadilishi hiyo 24, umejaa abiria au uko peke yako ni ile ile. Brembo itakuvumilia zaidi kuliko ya kawaida, kweli, ila nayo ina mwisho. Pale unashuka na gia ya pili au ya tatu injini ikishika gari, breki unagusa kwa vipindi unaachia, na wenye otomatiki toeni kwenye D muweke gia ya chini, sio N.

Ukishafunga pedi na diski mpya zizoeshe. Toka 80 mpaka 15 hivi, breki ya wastani, usisimame kabisa, ongeza mwendo rudia mara nane au kumi, alafu endesha dakika kadhaa bila kugusa breki zipoe. Ukisimama zikiwa za moto na mguu umekandamiza, pedi inaacha alama yake kwenye diski na mtetemeko unarudi.

Mwisho tairi ya spea, hii wanaisahau hata mafundi wakubwa. Brembo inataka rimu ya inchi 17 ambayo mikono yake inaipisha kalipa, spea ya WRX ya zamani haivuki kalipa. Jaribu kuifunga hapo hapo gereji kabla mteja hajaondoka. Kama Brembo ipo mbele tu na pancha imetokea mbele, toa gurudumu zima la nyuma lilete mbele, spea ndo iende nyuma, na mwandikie hivyo kwenye karatasi aweke kwenye droo ya gari, sababu siku hiyo atakuwa porini, usiku, na simu haina mtandao.