Kwa wadogo zetu wanaoanza kazi ya sukari na kinga ya mwili

Wadogo zetu mnaoingia maabara mwaka huu hapa Lubumbashi, sukari tutakayoshughulika nayo si ile ya chai, bali ni minyororo iliyopandwa juu ya kila seli. Damu ya A na ya B, makundi aliyoyaeleza Karl Landsteiner mwaka 1901, hutofautiana kwa sukari moja tu kwenye ncha ya mnyororo: A ina galaktosamini yenye asetili (kipande kidogo cha kemikali kilichofungwa kwenye sukari), B ina galaktosi. Kwa tofauti hiyo ndogo, mgonjwa aliyeongezewa damu isiyomfaa anaweza kufa.

Someni polepole habari za asidi ya siali, sukari inayokaa kwenye ncha za minyororo hiyo. Seli za kinga zina vipokezi viitwavyo sigleki, na vingi kati yake vikiishika siali huiamuru seli itulie. Seli za saratani hujifunika siali nyingi na kujinufaisha na amri hiyo. Wakemia wakiweka florini mahali pa haidrojeni moja ya siali, kimeng'enya kinachoipachika juu ya seli hukwama, na kifuniko hupungua.

Lakini msikimbilie kufurahi. Rivipanseli, molekuli iliyoundwa kuiga sukari zinazoshikwa na selektini (protini za kunatisha seli kwenye kuta za mishipa) ili chembe nyeupe zisigande kwenye mishipa ya wagonjwa wa SS, yaani selimundu, ambao sisi tunao katika familia zetu, haikufikia lengo lake katika jaribio kubwa la mwaka 2019.

Mimi nilifurahi mapema zaidi. Sukari niliyoitengeneza iliamsha makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, kwa nguvu, nikashinda wiki tatu nikichora grafu nzuri, mpaka mkubwa wangu aliponiuliza maji niliyoyeyushia yametoka wapi. Yalikuwa na endotoksini, kipande cha ukuta wa bakteria ambacho sehemu yake ni sukari na sehemu ni mafuta, na ambacho huiamsha kinga hata kikiwa kidogo sana. Nilidhani otokleve, chungu cha mvuke wa kuulia vijidudu, ya nyuzi 121 ilikwisha kuimaliza. Kumbe huua bakteria na kuiacha endotoksini ikifanya kazi, ilhali vyombo vya kioo huhitaji joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30. Tangu siku hiyo kila sukari ninayoipima huwa na jaribio la pembeni lenye polimiksini B, dawa ya bakteria ambayo huifunga endotoksini: mwamko ukizimika, aliyeongea hakuwa sukari yangu.

Jambo lingine ni asetili. Tunaifunga kwenye sukari ili ipenye utando wa seli, kisha vimeng'enya vya ndani huikata, na kila kipande kinachokatwa huwa asidi ya asetiki. Dozi ikizidi, seli hufa kwa sababu isiyohusu kinga. Kwa hiyo wekeni kando chupa ya seli zilizopewa sukari nyingine yenye asetili kwa idadi ileile, isiyo na badiliko mnalolichunguza, na mhesabu seli hai katika chupa zote mbili kabla ya kupima saitokini, protini ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari.