Kutambua pigmenti za maua ya bluu: usikubali jibu la haraka

Juzi kijana anayesoma kemia aliniandikia: "Kaka, nafanyia utafiti maua ya klitoria. Nimeweka alumini kloridi, rangi haikubadilika. Msimamizi anasema basi si delfinidini. Nifanyeje?"

Delfinidini ni moja ya pigmenti zinazoyapa maua rangi ya bluu, na alumini kloridi huibadilisha rangi ikiishika. Nilisoma ujumbe ule nikakumbuka utetezi wangu wa tasnifu. Mmea ulikuwa huohuo, *Clitoria ternatea*, wa jamii ya kunde, unaotambaa kwenye uzio. Wahindi wanautumia katika tiba ya Ayurveda, Wathai wanatengeneza chai yake. Mjumbe mmoja wa jopo aliniambia mbele ya watu kwamba sijui hata jaribio la mwaka wa kwanza, kwa sababu hilohilo la alumini kloridi. Maneno yale bado yananiuma, maana nilikuwa sahihi.

Alumini hushika pale penye haidroksili (vikundi vya OH) mbili au zaidi zilizo jirani kwenye pete B, moja ya pete za kaboni zinazounda molekuli ya pigmenti. Delfinidini inazo tatu. Lakini katika klitoria, ile ya nafasi ya 3' na ya 5' zimefungwa na glukosi, ambayo ni sukari, imebaki ya 4' peke yake, haina jirani. Alumini itashika nini? Kwa hiyo, mdogo wangu, vunja kwanza sukari: chemsha dondoo kwenye asidi haidrokloriki ya molari 2 kwa muda wa saa moja hivi, kisha rudia jaribio kwa kilichobaki. Mimi nilifanya hivyo, na rangi ikahama kuelekea bluu.

Halafu nikaweka kwenye karatasi ya kromatografia, kwa mchanganyiko wa asidi asetiki, asidi haidrokloriki kali na maji (30:3:10). Delfinidini hupanda polepole, Rf (umbali wa pigmenti ukigawanywa kwa umbali wa kimiminika) karibu 0.32; sianidini, pigmenti nyingine ya jamii hiyo, hufika karibu 0.49. Weka sampuli unayoijua pembeni yake, usitegemee namba za kitabuni peke yake. Baadaye spektrometa ya masi, mashine ya kupima uzito wa molekuli, ilinipa 303, ambayo ndiyo ya delfinidini. Nililia kwa furaha maabara, sioni aibu kusema.

Ila kuvunja sukari ni kwa sehemu moja tu ya sampuli. Nyingine itunze nzima, maana jina kamili la pigmenti limo humo. Pigmenti za klitoria zinaitwa ternatini, na nyingi zimebeba asidi ya maloniki, ambayo hung'oka kirahisi. Ukikamua kwa methanoli yenye asidi haidrokloriki, unaweza kuipoteza kabla hujaiona. Tumia asidi ya fomiki kidogo, weka gizani, weka kwenye baridi. Kisha pima jinsi dondoo inavyofyonza mwanga: ukiona kilele karibu na nanomita 310, kuna asidi ya kumariki imeshikamana na sukari zile. Hiyo ndiyo hujikunja juu ya delfinidini na kuikinga dhidi ya maji, na ndiyo sababu bluu ya klitoria hudumu kuliko ya maua mengi.

Vijana wa sayansi, msiandike jina la pigmenti kwa kuangalia rangi kwa macho. Mwaka 1913 wanakemia Willstätter na Everest walitoa sianini, yaani sianidini iliyoshikamana na sukari, kwenye maua ya bluu ya *Centaurea cyanus*. Pigmenti hiyohiyo imo kwenye waridi jekundu. Simameni na vipimo vyenu, hata anayewapinga awe profesa.

Msimamizi wako mpelekee karatasi zote mbili, ya kabla ya kuchemsha na ya baada, uziweke mezani bila ubishi.