Digrii isiwe mwisho wa mbio

Habari zenu wadau. Swali la wiki hii linauliza kijana mwenye kipaji cha mchezo akiingia chuo aendelee kushindana ama aweke pembeni asome kwanza, na akishahitimu kuna nini tena mbele yake. Mi nasema aendelee, na asiishie kwenye joho, ila kuna ngazi moja hapa kwetu haipo na ndo inayowaangusha madogo wetu, na nimeiona vizuri kupitia mchezo ambao huku Mbeya hatuna kabisa, mbio za nyika za skii, zile za kuteleza kwenye theluji ukiwa umefunga mbao ndefu nyembamba miguuni.

Nimeufahamu kupitia mtoto wa dada yangu. Kakulia hapa Uyole, alikuwa mkimbiaji mzuri tu, alifika mpaka UMISSETA, michezo ya taifa ya shule za sekondari, baadae akapata nafasi ya kusoma Marekani jimbo la Vermont ambako miezi ya baridi ni theluji tupu, basi akajiunga na klabu ya skii ya chuo. Sio bingwa, wenzake wamevaa skii tangu watoto wadogo, lakini mapafu ya mtu aliyekulia milimani yanafanya kazi yake, kwenye kupanda anawapita halafu kwenye kushuka wanampita tena. Usiku wa kuamkia mashindano huwa anatupigia video yupo kibandani na pasi, anayeyusha nta juu ya skii, anaisambaza taratibu, ikipoa anaikwangua kwa kipande cha plastiki halafu anapiga brashi mpaka ing'ae, na nta ya baridi kali sio nta ya theluji inayoanza kuyeyuka, ukikosea hapo hata uwe na miguu gani utaachwa. Likizo alikuja na skii za magurudumu, alfajiri anaingia kwenye lami kabla bajaji hazijaanza, watoto wa mtaa wanamkimbiza nyuma na mama yake yupo getini anamwambia we mwanangu utaanguka.

Basi na mimi nikaanza kufuatilia huo mchezo. Kule chuoni milango ni miwili. Kuna NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo Marekani, ambako utakuta Utah, Colorado, Denver, Vermont, hao wanapambana Januari mpaka Machi, na kwenye fainali wanajumlisha pointi za wanaume na wanawake pamoja, za nyika pamoja na zile za kushuka mlima, na timu moja mwisho watu 12, kwahiyo kupenya ni shughuli maana makocha wanachukua vijana mpaka kutoka Norway na Sweden. Vipo vyuo vinavyotoa ufadhili wa michezo ila sio vyote, Dartmouth na Middlebury kwa mfano hawatoi hela kwa sababu unajua kuteleza, wanaangalia hali ya familia, mzazi uliza mapema. Mlango wa pili ni klabu, zinashindana chini ya USCSA, chama cha skii cha vyuo, na wana ubingwa wao wa taifa, huyu wa kwetu ndo yuko huko.

Sasa baada ya chuo ndo penyewe. Wenzetu hawakumwachia mhitimu ahangaike mwenyewe. Kuna mfululizo wa mashindano ya ndani unaitwa SuperTour, ukifanya vizuri huko unaweza kupata nafasi ya kwenda kushindana Kombe la Dunia, na katikati ya chuo na timu ya taifa wameweka timu za wahitimu. Pale Craftsbury, Vermont, kuna timu inampa kijana kocha, chakula na pa kulala, yeye anarudisha kwa kazi za kituo, mara yuko bustanini, mara anafundisha watoto, mara anasaidia kuandaa mashindano. Mtu anakula, anafanya mazoezi, ana kazi ya mikono, na hajakaa nyumbani akisubiri kupigiwa simu. Nikisoma habari za ile timu roho inaniuma kwa kweli, kwa sababu hicho kitu hakihitaji theluji.

Na umri mnaouogopa wazazi, huo wa kwamba ukifika 23 umechelewa, kwenye michezo ya pumzi haupo. Rosie Brennan, mwanaskii wa Marekani, alisoma Dartmouth, akahamia timu ya Alaska Pacific University kule Anchorage, aliwahi kuachwa nje ya timu ya taifa lakini klabu yake haikumwacha, na Desemba 2020 akashinda mbio mbili za Kombe la Dunia Davos, siku mbili mfululizo, akiwa na miaka 32. Kikkan Randall wa timu hiyohiyo alipata dhahabu ya Olimpiki 2018 na mwenzake Jessie Diggins akiwa na miaka 35, tena mama wa mtoto. Susan Dunklee alikuwa wa skii chuoni, baada ya kuhitimu akabadilisha akaingia biathlon, ile ya skii na kulenga shabaha, na 2017 akachukua medali ya fedha kwenye ubingwa wa dunia. Wote hao wangeambiwa tafuta kazi kwanza leo tusingewajua.

Nisiulizwe Mwafrika na theluji wapi na wapi. Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji, akaenda kujifunza Finland, Olimpiki ya 1998 Nagano, Japani, akamaliza wa mwisho kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri pale mwisho amkumbatie. Akarudi tena Olimpiki ya 2002 na ya 2006.

Turudi nyumbani. Suleiman Nyambui alipitia chuo cha Texas kule El Paso na akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow 1980, kwahiyo njia ya chuo kwetu sio ngeni. Alphonce Simbu bingwa wa dunia wa marathon 2025 ni askari wa JWTZ, na hata Italia wanaskii wengi wanalelewa na polisi na jeshi, ni utaratibu mzuri sana. Lakini jeshi haliwezi kubeba kila kijana. Mimi ni mwalimu wa michezo sekondari, nimeona mabinti na vijana wanakimbia vizuri mpaka mwaka wa tatu chuo, wakishahitimu ndo basi, labda marathon moja kwa mwaka kwa ajili ya tisheti na medali, na sio uvivu, ni kwamba hana pa kulala wala pa kula akifanya mazoezi mara mbili kwa siku.

Mbeya mjini tupo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Kitulo inafika 2,600, watu wanatoka nchi za mbali kutafuta hewa kama hii. Tunao mashamba ya chai Mufindi, viazi Makete, misitu Sao Hill, kazi ya nusu siku ipo. Naomba mwenye shamba au kiwanda aanze na wahitimu wanne tu, chumba, chakula, kazi asubuhi baada ya mazoezi, jioni wakimbie tena. Kocha msitafute mbali, mimi nitakuja, na nauli najilipia.