Nyimbo za baba zimepotelea wapi?

SWALI: Fundi, salamu kutoka Kondele. Baba ana CD 34 za benga ambazo kaka yangu alizitia kwenye kompyuta zamani, jumla nyimbo 412. Juzi nilizihamishia kwenye simu ya mzee. Simu inaonyesha 14 tu, kuanzia "Track 01" hadi "Track 14". Nyingine ziko wapi? Naogopa kumwambia. – Msomaji, Kisumu

JIBU: Dada, tulia. Ulizinakili, hukuzihamisha, zote zingali kwenye kompyuta. Tatizo ni kwamba kila CD ina "Track 01" yake. Ulipozimwaga zote katika folda moja, kompyuta iliuliza kama faili mpya ichukue nafasi ya iliyopo, nawe ukakubali. Basi CD ya pili ikafuta ya kwanza, ya tatu ikafuta ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho.

Futa hizo 14 za simuni. Chomeka waya, fungua simu, kisha kwenye arifa uchague kuhamisha faili, kwani Android huanza kwa kuchaji tu. Chaguo hilo lisipotokea, badilisha waya; nyingine hazipitishi data. Beba folda ya kila CD nzima nzima. Nafasi isikutishe: wimbo wa dakika sita kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni kama megabaiti 6, kwa hiyo zote ni gigabaiti mbili na nusu hivi.

Lakini usinakili leo. Programu nyingi za muziki simuni hupanga nyimbo kwa lebo, yaani maandishi yaliyo ndani ya faili yanayotaja mwimbaji, albamu na wimbo, na zako hazina, kwa hiyo mzee atakuta lundo la nyimbo zisizo na mwimbaji. Weka Mp3tag, programu ya kuandika lebo hizo, kwenye kompyuta ya Windows, ni ya bure, uandike mwimbaji, albamu na jina la kila wimbo.

Majina anayo baba yako. Mimi nilikaa na mama sebuleni kwetu Nyalenda jioni tatu, daftari mkononi. Gitaa la solo likiingia tu, anasema: hii Shirati Jazz, hii Victoria Jazz. Alipokwama tuliacha wimbo uendelee hadi mwimbaji aanze kuwataja watu anaowasifu, na jina moja tu likamkumbusha wimbo wote, hata harusi alikoucheza. Hayo nayo niliyaandika.

Kwa hiyo mwambie mzee usiku huu, umwekee kiti karibu na spika. Mkimaliza, nakili zote kwenye diski ya nje kwanza, ndipo uchomeke simu.