Karo pekee haimalizi shule: kwa anayetaka kufadhili wanafunzi Busia

Mleta mada, umesema una pesa za karo ya watoto kumi wa sekondari hapa Busia, na jamaa yako anakushauri sehemu yake iende kwa walezi, yaani watu wa kuwafuatilia na kuwashauri watoto, na kwa utafiti. Unahofia zitaliwa. Mimi namuunga mkono jamaa yako.

Nimelea wasichana wa sekondari miaka saba. Mwaka wa kwanza nilikabidhiwa sita, karo yao imelipwa na shirika moja. Nilikuwa naonana nao shuleni mara moja kwa muhula, nikidhani inatosha. Kufika muhula wa tatu wawili hawapo. Nilimfuata mmoja nyumbani, nikamkuta anachambua omena. Karo ilikuwepo, ila sabuni na pedi hana, na kiatu kimeachia soli. Aliona haya mbele ya wenzake. Shilingi elfu mbili zingembakiza darasani. Hakuinua macho kwenye ungo: "Mama, ungekuja Februari."

Tangu hapo nina daftari: jina, siku aliyokosa, sababu aliyonipa, sababu niliyoikuta kwao. Hizo mbili za mwisho ni nadra zifanane. Huo nao ni utafiti.

Na utafiti mkubwa umetufaa huku kwetu. Mchumi Pascaline Dupas alifanya wake katika shule za msingi 328 Magharibi mwa Kenya, ukachapishwa 2011. Katika baadhi ya shule wasichana walielezwa wazi kwamba wanaume wakubwa wana maambukizi mengi zaidi ya virusi vya Ukimwi kuliko wavulana wa rika lao. Mimba zikapungua kwa asilimia 28, kwa kipindi kimoja tu kisichofika saa nzima! Mafunzo ya kawaida ya kujiepusha hayakupunguza mimba. Nami kila nilipokutana na wangu nilikuwa nahubiri "jiepusheni", wananyamaza. Nilipoanza kuwaeleza habari hizo, maswali yalikuja mpaka giza likaingia.

Kwa hiyo lipia saba badala ya kumi. Zinazobaki ziwe nauli na kredo ya simu ya mlezi, akiba ndogo ya sabuni na viatu, na malipo ya mtu wa kufuatilia mahudhurio kila wiki. Mlezi asiwe mwalimu wa shule hiyo hiyo, maana watoto humficha mengi. Tafuta mama wa jirani anayeheshimika. Shule zikifunguliwa Januari, awe ameshapiga hodi nyumba zote saba.