"Sasa mbona hajaharibika?"

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukisoma kitabu hiki na binti yangu usiku. La pili lilikuwa neno moja tu.

Ni kitabu cha picha cha Kikorea, kilichotoka mwaka 2010. Kwon Yoon-duk alikiandika na kukichora kutokana na maisha ya Sim Dal-yeon, bibi ambaye uzeeni alikuwa akikausha maua na kuyabandika kwenye karatasi hadi yakawa picha. Kabla hajafikisha hata miaka 15, alichukuliwa na kupelekwa kwenye vituo vya jeshi la Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambako wasichana walibakwa na askari siku baada ya siku. Wakaitwa "wanawake wa faraja". Faraja ya nani, naomba mniambie.

Nilikuwa Seoul kimasomo, mwaka 2018, na binti yangu alikuwa na miaka 9. Kikorea chake kilikuwa kimeshanipita, kwa hiyo yeye alisoma kwa sauti, mimi nikafafanua kwa Kiswahili. Tukafika kwa askari. "Mama, walimfanya nini?" Nikajibu vile nilivyozoea kuwasikia shangazi zangu: "Walimharibu."

Akanyamaza. Akafunua hadi kwa yule bibi na maua yake, akamkagua kama anayetafuta ufa kwenye kikombe. "Sasa mbona hajaharibika?"

Usiku ule alilala kitandani kwangu, na mimi sikulala. Kuharibiwa, kuchafuliwa, kupoteza usichana: maneno yetu yote yanamtazama msichana. Aliyetenda hayumo kabisa kwenye sentensi.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ukipata kitabu cha namna hii, kisome peke yako kwanza na uchague sentensi yako kabla ya kumwita mtoto. Ya kwangu siku hizi ni hii: "Wanaume wazima wenye bunduki walimuumiza kwa nguvu kwenye sehemu zake za siri. Kosa ni lao." Mtoto mkubwa kidogo mwambie "walimbaka". Usiongeze maelezo. Akitaka zaidi atauliza, na mara nyingi hataki zaidi ya hapo, anataka kuona maua. Soma mchana, mlango wazi, na baadaye muwe na kazi ya mikono. Sisi tulichambua dagaa.

Na usidhani mmemaliza. Siku mbili baadaye, katikati ya chakula: "Mbona hakumwambia mama yake?" Hapo ndipo kitabu kilipoanza kufanya kazi. Nilimweleza kuhusu Kim Hak-sun, mwanamke wa kwanza wa Korea Kusini kujitokeza hadharani kwa jina lake mwenyewe na kusema kwamba naye alitendewa hivyo, tarehe 14 Agosti 1991, vita vikiwa vimekwisha miaka 46 nyuma. Walinyamaza kwa sababu waliogopa kuonekana wao ndio wenye aibu. Kisha nikamuuliza yeye angemwambia nani. Akahesabu kwa vidole: mimi, bibi yake, mwalimu wake wa taekwondo. Baba yake hakumo. Hilo tulilizungumza baadaye, mimi na baba yake, na halikuwa zungumzo fupi.

Jumatano moja nilimpeleka kwenye mkutano wa saa sita mchana wa kuidai Japani iwaombe radhi wanawake hao, uliokuwa ukifanyika kila wiki tangu Januari 1992, mbele ya mahali ulipokuwa ubalozi wa Japani. Pana sanamu ya msichana wa shaba, peku, visigino havigusi chini, na kando yake kiti kitupu. Binti yangu alivua viatu vyake, akakaa.

Pale nilisikia habari za Kim Bok-dong na Gil Won-ok, mabibi wawili walionusurika, ambao mwaka 2012 walisema wakilipwa fidia yoyote wataitoa kwa wanawake waliobakwa kwenye vita vya leo. Ukaanzishwa mfuko ulioitwa Kipepeo, na misaada yake ya kwanza ikaenda Kongo.

Kongo. Mimi nimekulia Kigoma. Darasani kwetu kulikuwa na watoto waliovuka ziwa wakikimbia vita, na mama wa mmoja wao alikuwa akiuza mihogo sokoni. Akipita, wanawake walishusha sauti: "Huyo aliharibiwa vitani." Nilikuwa na umri kama wa binti yangu. Nilidhani ni ugonjwa, na muhula mzima nilikataa kukaa dawati moja na mwanawe.