Lisbon kwa miguu

SWALI: Ndugu Mhariri, nitakaa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa siku tatu. Je, nitafute mwongoza watalii mwenyeji au nizunguke peke yangu?

JIBU: Ndugu msomaji, siku ya kwanza nakusihi utembee na mwenyeji, hasa katika mtaa wa Alfama, ambao vichochoro na ngazi zake hupinda kiasi kwamba ramani ya simu haisaidii sana. Sehemu kubwa ya mtaa huo ilinusurika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, ilhali Baixa, ulio bondeni, uliangamia ukajengwa upya kwa barabara zilizonyooka. Tofauti hiyo utaiona mwenyewe, lakini ukisimama chini ya matao ya kanisa la Carmo, yaliyobaki bila paa tangu siku hiyo, utafurahi kuwa na mtu wa kukusimulia. Ziara zinazotangazwa kuwa za bure huishia kwa bakshishi, kwa hiyo beba euro taslimu. Viatu navyo viwe visivyoteleza, kwani vijiwe vyeupe na vyeusi vya njia za miguu vimelainika kwa kukanyagwa, na mvua ikinyesha ni hatari kweli. Belém, kwenye Monasteri ya Jerónimos alimozikwa Vasco da Gama, unaweza kwenda mwenyewe kwa tramu.